Mshika Ngazi

Sheria ya Mama Welmince ilikuwa moja,
aliitoa kabla ya sala, kabla hata ya chai:
anayepanda juu hashikiwi ngazi na mtu wa kwao.

Tulikuwa kumi na tisa mbele ya kanisa lisilo paa,
tisa wa kwetu, kumi wa ng'ambo ya mto,
kila mmoja akijifanya anahesabu misumari.
Wiki moja nyuma, mgeni kutoka Jakarta
alitugawia kalamu za rangi tuchore amani.
Tulichora njiwa kumi na tisa.
Sidhani kama yupo aliyelala vizuri zaidi.

Mimi nilipangiwa Hasnul,
mtoto wa Tuasikal mwenye lori.
Lori lile nalijua.
Nilikuwa na miaka sita lilipopita
kati ya mikungumanga, limejaa wanaume na madumu.
Mama alitufunika gunia la sago, mimi na kaka Elifas,
akatuambia tupumue kama paka.
Kisha paa letu likaanza kulia, bati moja moja,
kama mtu anayealisha vidole.

Siku ya kwanza Hasnul aliachia mkono mmoja
kumpiga mbu shavuni.
Nilipiga yowe hata mbwa wakaitika.
"Mbu tu, Yosina!"
Siku ya pili hakuachia.
Mbu walimla, nikawaona wakimla,
na sikumwambia ajikune.

Adhuhuri alisema, "Shuka kwanza, nikaswali."
Nikashuka. Nikakaa kipago cha chini
nikiishika kwa nguvu ngazi isiyo na mtu,
hadi aliporudi, nyayo zake zingali na maji.

Ikawa siku ya tano, au ya sita.
Bati lilikuwa la moto, ghuba yote ya Ambon iko wazi kule chini,
na karafuu zimeanikwa uani kwa watu, kwao na kwetu,
harufu ileile.
Nikiwa na misumari mitatu mdomoni
nikaitema kiganjani, nikasema bila kumtazama:

"Mlango wa msikiti wenu uko kwetu."

Kimya.

"Ni meza. Baba ni seremala, aliutia miguu.
Tumeulia miaka kumi na tatu.
Nakshi zimegeuzwa chini.
Nilipokuwa mdogo nilijificha humo, nikizipapasa.
Sikujua ni maandishi, Hasnul. Nilidhani ni maua."

Ngazi ikatetemeka.
Kidogo tu, kama sufuria inapokaribia kuchemka.
Nilikuwa na nyundo, na mikono yake ilikuwa mbali na yangu,
na kati yetu vipago kumi na moja.
Nikafikiri: sasa.
Nikafikiri: mama ataambiwa nimeteleza.

Akakohoa.
"Babu yangu ndiye aliyeuchonga," akasema.
Kisha, baada ya muda mrefu sana:
"Ni mzito?"

"Mzito."

"Watu wangapi?"

"Wanne."

"Piga msumari, basi. Jua linatuunguza."

Nikapiga. Wa kwanza ulipinda.

Jioni nilimwambia baba yote, nimesimama mlangoni
nikiwa tayari kukimbia.
Hakuuliza nani kanituma.
Aliondoa sahani, chumvi, taa,
akaipindua meza kama anayemgeuza mgonjwa kitandani.
Elifas akaleta bisibisi, baba akamnyang'anya.
Akafungua miguu mwenyewe, mmoja, wa pili;
wa tatu ulikuwa umeshika kutu,
akaukalia hapo mpaka giza likaingia,
akipuliza vumbi kwenye herufi asizozijua kusoma,
akizipitishia kidole, taratibu,
fundi anapoikagua kazi ya fundi mwenzake.

Usiku ule tulikula sakafuni.
Mama alisema samaki amezidi chumvi.
Baba akasema hapana, yuko sawa.